Leo Umeshika Nini? Hotuba kwa wazazi na walimu wa darasa la awali, Newala

Maneno haya niliyasema katika mkutano wa wazazi na walimu hapa Newala, mwanzoni mwa muhula. Wengine walikuwa shambani, wengine walikuwa wanauguza, nao wameomba kuyapata. Nimeyaandika kama yalivyosemwa.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazee wetu, mama zangu na baba zangu: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Naomba kila mmoja wenu anyooshe mkono wake wa kulia na autazame. Mkono huo umelima, umeokota korosho, umetwanga, umesuka ukili, umefunga mtoto mgongoni. Sasa niwaulize: nani kati yenu alijifunza kupalilia kwa kunakili neno "jembe" mara hamsini? Nani alijifunza kusonga ugali kwa kuimba hatua zake asubuhi na jioni bila kushika mwiko? Nasikia mnacheka, na kicheko hicho ndicho jibu. Mlijifunza kwa kushika. Mlishika vibaya mkaelekezwa, mkashika tena, mpaka mkono wenyewe ukajua. Nimekuja kuwaombea watoto wetu wa darasa la awali haki ile ile mliyoipata ninyi.

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka 24, kwanza katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, kisha hapa juu kwenye uwanda wa Makonde. Mengi nitakayoyasema nimeyajua kwa kukosea, na kosa la kwanza nitalisimulia lote, kwa sababu naliona likirudiwa hadi leo.

Nilikuwa na watoto 60 na ubao mmoja. Kila asubuhi tuliimba namba kutoka moja hadi mia. Watoto waliimba vizuri mno, wageni walipokuja walipiga makofi, nami niliamini kwamba nafundisha hisabati. Palikuwa na msichana mmoja ambaye sauti yake iliwaongoza wengine wote, na hakuwahi kuruka namba hata moja. Siku moja, wakati wa uji, nikamtuma kwa mpishi: "Mwanangu, niletee vikombe vitano." Akaenda, akarudi amekumbatia vikombe kifuani, vingi kadiri mikono yake ilivyoweza kubeba. Nikamwambia, "Nilisema vitano. Hebu vihesabu." Akavipanga chini, akaanza: moja, mbili, tatu. Alipofika tano hakusimama. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kikombe cha tatu, lakini wimbo ulikuwa umeshafika tisa. Vikombe vikaisha, wimbo ukaendelea, na alipofika ishirini akanitazama kwa furaha, akisubiri nimsifu.

Ndugu zangu, mtoto yule hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa amejifunza barabara kile nilichomfundisha, nacho kilikuwa wimbo. Kuhesabu ni kazi nyingine kabisa. Anayehesabu anapaswa kutambua kwamba kila kitu kinapata neno moja tu, kwamba hakuna kinachorukwa wala kinachohesabiwa mara mbili, na kwamba neno la mwisho ndilo jibu la swali "vingapi?" Sisi watu wazima tumesahau kwamba jambo hili la mwisho lilitugharimu. Mtoto mdogo akimaliza kuhesabu embe nne ukamwuliza "ziko ngapi?", mara nyingi ataanza kuhesabu upya, kwa sababu bado hajajua kwamba "nne" ni jina la embe zote pamoja, anadhani ni jina la ile ya mwisho peke yake. Je, jambo hilo unaweza kumweleza kwa chaki? Nilijaribu. Haliwezekani. Linaingia kwa kuhamisha vitu kwa mkono.

Basi nikaacha wimbo kwa muda, nikaomba vizibo vya soda kwenye maduka, nikaleta vifuu viwili vya nazi kwa kila mtoto. Kazi ilikuwa moja tu: toa kizibo kimoja katika kifuu hiki, kiweke katika kifuu kile, na useme namba kizibo kinapogonga chini. Kizibo kikigonga, neno moja. Kikigonga tena, neno la pili. Msichana yule alifanya hivyo kwa wiki tatu, na katika wiki ya tatu nilimwona akisimama kwenye saba, akatazama ndani ya kifuu, akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Viko saba." Nilipomtuma vikombe tena, aliniletea vitano. Sijapata kupokea vikombe vizito kama vile maishani mwangu.

Wazee wetu mlioketi pale mbele mnaijua kazi hii kuliko mimi. Mnacheza bao lenye mashimo 32 na kete 64, na mkono wako unapozoa kete kwenye shimo, kabla hujaanza kuzigawa tayari unajua zitaishia wapi. Nani aliwafundisha? Mlikaa kando ya babu mkachokoa michanga, mkachimba vishimo vyenu, mkatumia mawe. Ninawaomba mje mmoja mmoja darasani, mtuchimbie vishimo kumi uani, muwaonyeshe watoto namna ya kugawa kete moja moja bila kuruka shimo. Hatuhitaji sheria zote za bao. Tunahitaji ule mkono.

Sasa nije kwenye kuandika, maana hapa ndipo mimi na baadhi yenu tumekuwa tukivutana kwa miaka.

Mzazi mmoja alinijia, baba mwenye heshima na mwenye mapenzi makubwa kwa mwanawe, akaweka daftari juu ya meza yangu. Akasema, "Mwalimu, mwezi wa pili huu, na daftari liko tupu. Mtoto wa jirani anayesoma kwingine ameshajaza mawili." Nikamweleza kwamba mwanawe amekuwa akifinyanga udongo, akitunga shanga, akirarua karatasi na kubandika. Akanisikiliza kwa adabu, kisha mwezi uliofuata akamhamisha mtoto. Simlaumu. Alikuwa anatafuta ushahidi kwamba mtoto wake anajifunza, na ushahidi alioujua ulikuwa wino. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumwalika aje kuona.

Laiti angekuja ningemwonyesha mkono wa mwanawe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo bado ni gegedu laini, mfano wa lile tunalolishika sikioni. Hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na wa mwisho huanza kugeuka mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 9 na 12. Mtoto wa miaka mitano, basi, anashika kalamu kwa mkono ambao bado unajengwa. Misuli midogo ya vidole nayo haijapata nguvu. Ndiyo maana anaikamata kalamu kwa ngumi, anaikandamiza mpaka karatasi inatoboka, na baada ya mistari miwili anatikisa mkono kwa uchovu, nasi tunamwita mvivu.

Fikirini mafundi wetu wa vinyago. Kijana anapokwenda kujifunza kuchonga mpingo, je, fundi humkabidhi tezo siku ya kwanza? Hawezi kumpa. Kijana huanza kwa kukaa karibu, kushika gogo, kusugua kwa msasa kinyago ambacho fundi amekwisha kukichonga, siku nyingi, mpaka kiganja kijue uzito wa mti na mkondo wa nyuzi zake. Tezo huja baadaye. Bibi zetu wafinyanzi walifanya vivyo hivyo: mjukuu alipewa donge lake dogo, akafinyanga kijungu kilichopinda, hakuna aliyemcheka, na udongo ule ukamjenga vidole. Wapo wanaosema kwamba kujifunza kwa vitendo ni jambo geni lililoletwa na semina. Nawaambia, limekuwa hapa kwetu kabla ya shule haijajengwa. Shule ndiyo iliyolisahau.

Na huko kwa wenzetu pia walipaswa kulikumbuka upya. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Alikata herufi kutoka karatasi ya msasa, akazibandika juu ya vibao, na watoto wakawa wanapitisha vidole juu yake huku wakitamka sauti ya herufi. Macho yanaona, sikio linasikia, kidole kinahisi ukwaruzo, na vyote vitatu vinasema jambo moja. Baada ya miezi watoto wale walianza kuandika, wala hakuna aliyekuwa amewalazimisha kunakili.

Sisi hatuna haja ya kununua msasa. Chukua boksi gumu, andika herufi kubwa kwa gundi ya unga wa muhogo, unaoupika mwenyewe kama uji mzito, kisha nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, uache ukauke juani. Herufi hiyo itadumu muhula mzima. Mimi huanza na a, e, i, o, u, halafu m, ili siku ile ile mtoto aweze kuviweka vibao viwili pamoja na kusoma "ma", akaviweka vinne na kumwita mama yake. Kisha hatumii daftari bado. Anaandika kwenye trei ya mchanga kwa kidole, na akikosea anaufuta kwa kiganja, na kosa linaondoka bila alama nyekundu. Nani kati yetu asingependa kujifunza mahali ambapo kosa linafutika hivyo?

Nitawasimulia kuhusu mtoto mwingine, mvulana aliyekataa kuandika kabisa. Kalamu aliigusa kama anayegusa upupu. Wakati huo tulikuwa na kona ya duka, yaani pembe ya darasa ambako watoto hucheza kuuza na kununua, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, watoto wenyewe waliigeuza kuwa ghala la chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa korosho. Walitengeneza mizani kwa henga ya nguo na vifuu viwili vilivyofungwa kwa kamba ya ukindu. Mmoja alikuwa karani, mwingine mpima uzito, wengine wakulima wenye mifuko ya kokwa za embe. Karani alipima, akachora mistari yake juu ya kipande cha karatasi, akakata risiti. Siku ya malipo ikafika, nami nilikuwa nimekaa kando kama mnunuzi. Karani akaita wakulima kwa kusoma alama zao. Mvulana wetu hakuitwa. Akalalamika, "Nimeleta mzigo mkubwa!" Karani, mtoto wa miaka mitano, akamjibu kwa ukali: "Jina lako halipo. Hujaandika."

Mvulana akaja kwangu moja kwa moja. "Mwalimu, nionyeshe jina langu." Nikampa trei ya mchanga. Alikaa pale mpaka watoto wote walipotoka kwenda nyumbani, na mama yake alipomfuata akakataa kuondoka. Keshoye alifika ghalani na mfuko wake wa kokwa, akaandika jina kwenye risiti, herufi moja ikiwa imegeuka nyuma mbele, akasimama kwenye foleni.

Walimu wenzangu, sisi tungeweza kumwambia mara mia kwamba kuandika ni muhimu. Ghala la kokwa lilimwambia mara moja. Na siku nyingine kwenye kona ile ile, mpima uzito alipojaza kifuu mpaka kokwa zikamwagika pembeni na kutaka zihesabiwe kuwa kilo moja, msichana mmoja aliweka mkono juu ya kifuu akasema, "Hiyo kangomba! Sawazisha." Mnajua nyote wakulima wetu wameumizwa kiasi gani na vipimo vya kangomba, vile visivyo rasmi vya wanunuzi wa kichinichini. Mtoto anayejua kwa kiganja chake kwamba kipimo kilichojaa mpaka kilele hakilingani na kipimo kilichosawazishwa, hataibiwa kirahisi akiwa mkubwa. Bibi mmoja alipolisikia jambo hilo alikuja darasani na kibaba chake cha zamani cha kupimia nafaka, akawaonyesha watoto kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Walipima mchanga asubuhi nzima. Natumia mchanga kwa sababu hapa uwandani maji ni mali, na sitamwomba mama aliyebeba ndoo kutoka mbali aimwage kwa mchezo; siku tunayotumia maji ya kupimia, ni yale yale ambayo baadaye tutanawia mikono na kumwagilia mche wa mpapai.

Kupima kunaweza kufika mbali. Nilipokuwa Lindi niliwasimulia watoto habari za Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, na wazee wa huko wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Mjusi mmoja kati ya hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Namba hiyo haikuwaingia hata kidogo. Nikatandaza kamba ya mita 13 uani, nikawaambia wajipange juu yake wamenyoosha mikono, ncha za vidole zikigusana. Walihitajika watoto 12. Wakatazama kamba, wakatazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama mjusi huyo angeweza kula mnazi. Hilo lilikuwa swali la kisayansi, na tulilijadili siku mbili.

Najua swali lililo mioyoni mwa walimu. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nani hapa ana 25? Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto wamekuja kwa wingi, nasi tunamshukuru Mungu kwamba wamekuja, lakini mwalimu aliye na watoto 90 anapoambiwa afanye kona za ujifunzaji anahisi anaambiwa afanye muujiza. Nimekuwa na 90. Nilichojifunza ni kwamba watoto 90 walioketi wakitazama ubao ni wagumu kuliko watoto 90 wenye kitu mkononi. Nilianza na kona moja tu, ya vifuu na vizibo, na kundi moja lilikaa humo huku wengine wakiimba na mimi. Ilipozoeleka nikaongeza ya pili. Nilifika kona nne baada ya muhula mzima, na kila kundi lilibadilisha mahali baada ya dakika kama 20, kwa ishara ya manyanga. Mimi niliketi na kundi moja tu kila siku, lile lenye kazi mpya. Makundi mengine yalirudia kazi waliyoizoea. Na palikuwa na mzazi mmoja wa zamu. Bila mzazi huyo nisingeweza, nalisema wazi.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sitalipita haraka. Si kila mbegu ni zana. Korosho ghafi isiingie darasani, kwa maana ganda lake lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na mtoto akiling'ata litamchoma midomo na ulimi. Zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, za mtipitipi, ambazo watoto hupenda kuzitungia shanga, zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Mbegu za nyonyo vile vile zina sumu. Mwalimu atakayezikuta azizoe azitupe chooni. Na hata mbegu salama, kama mahindi na maharage, huingia puani na masikioni. Kwa hiyo wadogo zaidi wapewe vizibo na kokwa za embe, vitu visivyopita tundu la pua. Vikihesabiwa vinapotolewa na vikihesabiwa vinaporudishwa, tunakuwa tumewalinda watoto na tumepata somo jingine la hisabati kwa wakati huo huo.

Mama zangu na baba zangu, nimebakiwa na ombi. Mtoto akirudi nyumbani mchana, nyinyi humwuliza, "Leo umeandika nini?" Kwa mwaka huu mmoja wa darasa la awali, naomba mumwulize, "Leo umeshika nini?" Atakujibu kwa dakika kumi. Atatafuta vijiti akuonyeshe. Mpe kazi ya kugawa vijiko kwa watu mnaokula, akosee, arudi kuchukua kimoja kilichopungua. Akae nawe unapochambua mbaazi, atenganishe nzima na zilizoliwa na wadudu. Unaposuka mkeka, mpe ukili wake mfupi. Naye akija na nguo zenye udongo, ninajua sabuni inauzwa na maji yako mbali. Tutawavalisha mifuko ya zamani iliyokatwa matundu ya mikono, hilo tumekwisha kulizungumza na Mwalimu Mkuu.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutakutana hapa hapa chini ya mwembe kutengeneza zana za muhula. Kila mzazi aje na vifuu viwili vilivyokwanguliwa vizuri, na mwenye duka atusaidie vizibo na maboksi. Unga wa muhogo wa gundi ninao. Bibi mfinyanzi ameahidi kutuletea udongo, na tunahitaji vijana wawili wa kwenda kuubeba kutoka bondeni. Nani atakwenda? Naona mikono miwili pale nyuma. Asanteni, tubakini kidogo baada ya mkutano tupange saa ya kuondoka.